Kutoka Fuoni hadi Paje kwa baiskeli na mtoto wa miaka 10: je, siku moja inatosha?

Mkaazi wa Fuoni

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari za wakati huu kwa wote.

Naomba ushauri kwa wale waliowahi kusafiri masafa marefu kwa baiskeli pamoja na watoto wao hapa Unguja. Binti yangu ametimiza miaka 10 mwezi uliopita, na tangu alipojua kuendesha baiskeli amekuwa akiniuliza swali moja tu, nalo ni lini tutakwenda kwa bibi yake Paje kwa baiskeli badala ya daladala. Nimemwahidi kwamba tutakwenda likizo ya katikati ya mwaka, skuli zikishafungwa. Ahadi ni deni, na ya mtoto ni deni zito zaidi, lakini kadiri siku zinavyokaribia ndivyo ninavyozidi kujiuliza kama nimemwahidi jambo lililo ndani ya uwezo wake.

Kwa hesabu yangu, kutoka nyumbani Fuoni kupitia Tunguu, Bungi, Jozani na Kitogani hadi Paje ni takriban kilomita 40. Mimi niliiendesha njia hiyo mara nyingi nilipokuwa kijana. Yeye masafa marefu zaidi aliyowahi kwenda ni Tunguu na kurudi, na alirudi mzima, ingawa siku ya pili alikataa kukaa kwenye kiti kigumu. Baiskeli yake ina magurudumu ya inchi 24, haina gia, na tuliinunua ikiwa imeshatumika.

Ningependa kujua mambo matatu. Kwanza, je, safari hii inawezekana kwa siku moja bila kumuumiza? Pili, akichoka njiani, je, naweza kumpakia kwenye keria ya baiskeli yangu na kuivuta ya kwake? Tatu, kuna jambo gani ambalo mtu hulijua baada tu ya kuwa ameshaondoka nyumbani? Mama yake ameridhia, lakini kwa sharti kwamba niulize kwanza.

Baba wa Wawili

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, inawezekana. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu njia hiyo niliikosea mara ya kwanza, na aliyeumia kwa kosa langu alikuwa mwanangu.

Alikuwa na miaka 9. Tuliondoka mjini saa 2 na nusu asubuhi, baada ya chai na baada ya mimi kumaliza shughuli ambazo zingeweza kabisa kusubiri. Hadi Tunguu alikuwa mbele yangu akipiga kengele kwa kila aliyekutana naye. Hadi Jozani alikuwa bado anazungumza, tena kwa sauti. Tulipoipita Kitogani ilikuwa imeshapita saa 6 mchana, tukaingia ile sehemu ya maweni ambako miti ni mifupi, mawe yanarudisha joto usoni kama mlango wa tanuri, na Kusi, yaani upepo wa kusini, linakuja kifuani bila kizuizi. Nilimwambia ajikaze. Nikamwambia tena, na tena. Mwishowe alisimama, akailaza baiskeli yake chini taratibu, akakaa kando ya barabara na kuangalia viatu vyake. Hakulia. Lau angelia ningelielewa mapema zaidi, maana kwa muda wa nusu saa nzima kabla ya hapo alikuwa hajasema neno hata moja, nami nikadhani ukimya ule ni ushujaa.

Tulisimamisha daladala iendayo Jambiani, baiskeli zikapanda juu, na kwa mwaka mzima hakutaka kusikia habari ya safari nyingine. Ya pili tuliifanya alipokuwa na miaka 11, tukafika salama, na tofauti ya safari hizo mbili haikuwa nguvu za miguu yake. Ilikuwa ni mimi kukubali kwamba siku ile ni yake, kwamba yeye ndiye anayepanga mwendo, mapumziko na hata mahali pa kuishia.

Sasa nieleze mambo yenyewe. Mtoto wa umri huo, kwa baiskeli isiyo na gia, akiwa katika raha yake huenda kilomita 10 hadi 12 kwa saa kwenye lami. Kilomita 40 maana yake ni saa 4 za kukanyaga pedali. Ongeza mapumziko ya dakika 10 kila baada ya nusu saa, ongeza chakula, ongeza kusimama kwa ajili ya kinyonga, kwa sababu atataka kusimama kwa ajili ya kinyonga, na utaona kwamba saa 7 au 8 ndizo za kupangia. Unguja haina mlima wa kutisha. Kinachochosha ni jua na upepo, na vyote viwili vina saa zake.

Upepo ndio ambao wengi hatuufikirii kwa kuwa tumezoea kupita njia hiyo ndani ya gari. Likizo ya katikati ya mwaka ni msimu wa Kusi, na ninyi mtakuwa mnaelekea kusini mashariki, yaani upepo wa omo, kama wasemavyo mabaharia, unaowapiga usoni karibu safari nzima. Asubuhi na mapema Kusi huwa limelala. Kuanzia saa 4 linaamka, na mchana huwa kali zaidi. Kwa hiyo swalini Alfajiri, kunyweni chai, na mara tu kunapopambazuka vizuri muwe barabarani. Msiondoke gizani, kwa kuwa nusu saa mtakayoiokoa haifai hatari ya gari lisilowaona. Kuanzia Fuoni ni heri kuliko kuanzia mjini, kwani mtakuwa mmeiepuka Mwanakwerekwe na msongamano wake.

Kuhusu kukaa barabarani, yeye awe mbele kushoto na wewe nyuma yake, ukiwa umejitokeza kidogo upande wa kulia, ili dereva anayetoka nyuma auone kwanza mwili mkubwa wa mtu mzima na alazimike kuwazunguka nyote wawili kwa pamoja. Wengi hutangulia wao na mtoto akafuata, wakidhani wanamwonyesha njia. Njia ni moja na imenyooka, hahitaji kuonyeshwa, bali anahitaji kuonwa. Kabla ya safari mfundishe kugeuza kichwa na kutazama nyuma bila usukani kufuata kichwa. Jambo hilo watoto wengi hawaliwezi mpaka wafanyishwe mazoezi uwanjani, na wiki moja inatosha.

Mwisho, panga mahali pa kuishia kabla ya mwisho. Sisi tulikuwa na Tunguu, Jozani na Kitogani, na katika kila kituo nilimuuliza kama tuendelee au tupande daladala, nikiwa nimeshakubali moyoni jibu lolote atakalonipa. Bungi pia ni pazuri pa kupumzika, penye magofu ya jumba la Bi Khole, binti wa Seyyid Said, na miembe mikongwe inayohusishwa na zama zake, ingawa si yote iliyosimama hadi leo. Mtoto akisimuliwa habari za miembe ile huku ameegemea shina, anasahau miguu yake.

Usimwambie ajikaze. Ukiona mwendo umepungua kwenye mwinuko mdogo, sogea ubavuni mwake, kama hakuna gari, umwekee kiganja mgongoni na kumsukuma kidogo kwa hatua ishirini au thelathini. Mwanangu hadi leo, akiwa ameshanipita kimo, huukumbuka mkono ule.

Fundi Baiskeli, Mjini

Nimekuwa nikitengeneza baiskeli kwa zaidi ya miaka 20, na ningependa kulijibu swali la keria kabla ya yote. Tafadhali usimpakie. Mtoto wa miaka 10 ni mzito kwa keria ya kawaida, na akiwa amechoka miguu hulegea, kisigino kikaingia kwenye spoki. Nimeletewa magurudumu yenye spoki zilizokatika kwa namna hiyo, na kila mara swali langu la kwanza huwa ni hali ya mguu wa mtoto. Kuivuta baiskeli nyingine kwa mkono mmoja huku umempakia mtu kwenye barabara ya magari ni kuongeza hatari juu ya hatari. Akichoka, pumzikeni au simamisheni daladala.

Baiskeli iliyotumika lazima ifunguliwe na kukaguliwa, si kutazamwa. Inua gurudumu la mbele ulizungushe. Likitikisika kushoto na kulia hadi kugusa breki, spoki zinahitaji kukazwa. Lishike gurudumu kwa juu ulivute upande upande. Likicheza, beringi au nati za ekseli zimelegea. Cheni, ukiibonyeza katikati kwa kidole, ishuke kama sentimita 1 hadi 1 na nusu. Ikishuka zaidi itaruka siku ya safari, na ikikazwa sana itamchosha mtoto bila yeye kujua sababu. Shika breki kwa nguvu za mtoto, si kwa nguvu zako, yaani kwa vidole viwili tu, uone kama baiskeli inasimama. Breki nyingi za baiskeli za watoto zimekazwa na mafundi wenye mikono mikubwa.

Siti nayo ina dawa yake. Watoto wengi wanaendesha wakiwa wamekaa chini mno, magoti yanafika kifuani, na hiyo ndiyo sababu wanachoka haraka. Mkalishe, umwambie aweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Akiendesha kwa kutumia sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo nguvu zinapotoka. Kama hajazoea kimo hicho, pandisha kidogo kidogo, sentimita 1 kila baada ya siku mbili, ili asiogope.

Chukua tyubu moja ya akiba ya inchi 24 na nyingine ya baiskeli yako, viraka, sulusheni, kipande cha msasa, pampu inayokubaliana na valvu zote mbili, na spana ya nati za ekseli, ambayo mara nyingi ni namba 15. Mkipata pancha, badilisheni tyubu, viraka mtabandika mkifika. Lakini kabla ya kuingiza tyubu mpya, chukua kitambaa laini, pitisha ndani ya tairi ukizunguka pole pole. Mwiba au kigae kilichobaki kitaking'ang'ania kitambaa. Ukitumia kidole utakatwa, na usipotumia chochote tyubu mpya nayo itatoboka kabla ya kilomita 1.

Mzaliwa wa Kusini

Nimesoma kwa makini yote yaliyoandikwa, nami nakubaliana nayo, isipokuwa jambo moja la msingi. Kwa nini mwende mkikabiliana na Kusi wakati mnaweza kurudi nalo?

Mimi nimezaliwa Jambiani, na tulipokuwa vijana tulikuwa tukienda mjini kwa baiskeli na mizigo. Kila mtu alijua kwamba miezi hii kwenda mjini ni wepesi, kurudi ndiko kwenye kazi. Ushauri wangu ni kwamba pandeni daladala pamoja na baiskeli zenu hadi Paje, mlale kwa bibi siku mbili tatu, mtoto acheze ufukweni na kupumzika vizuri, kisha siku ya kurudi muondoke alfajiri kuja Fuoni. Upepo utakuwa tezini, yaani mgongoni mwenu. Sehemu ile ya maweni mtaipita mwanzo kabisa, kukiwa bado na baridi, na Jozani mtaingia kabla jua halijapanda, mkimalizia kwenye vivuli na vijiji ambako maji hayapatikani kwa shida. Mtoto yule yule, kwa baiskeli ile ile, ataendesha kwa nusu ya tabu.

Baba wa Wawili

Ndugu Mzaliwa wa Kusini, hoja yako ni nzito, na kwa upande wa upepo sina la kuipinga. Ninachoogopa ni mwisho wa safari. Kwa njia unayoisema wewe, mtoto anakuwa amechoka pale hasa ambapo magari yanakuwa mengi, kuanzia Tunguu kuja Fuoni, na mtoto aliyechoka huyumba. Kama watarudi hivyo, ningeshauri waishie Tunguu na sehemu iliyobaki wapande gari.

Lipo na jambo jingine, nalo ni la mtoto mwenyewe. Ndugu yetu ameandika kwamba binti anataka kwenda kwa bibi kwa baiskeli. Hakusema anataka kurudi. Muulizeni, kwa sababu huenda kinachomtoa nyumbani ni kule kufika.

Muuguzi na Mama

Naomba niongeze ya afya, kwa kuwa mimi ni muuguzi na pia mama wa mabinti.

Mtoto hupata joto haraka kuliko mtu mzima, na husahau kunywa maji kama ana furaha. Msisubiri kiu. Katika kila mapumziko anywe nusu kikombe au kikombe kizima, kidogo kidogo, hata akisema hataki. Chukueni angalau lita 2 kwa ajili yake peke yake na mjaze tena njiani. Dafu ni zuri sana na linapatikana, lakini lisichukue nafasi ya maji. Kama jua ni kali na ametoka jasho jingi, unaweza kuandaa nyumbani maji ya chumvi na sukari, yaani lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pimeni kwa kijiko hasa, kwani chumvi ikizidi inadhuru.

Dalili za kuangalia ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, ngozi yenye joto isivyo kawaida, na ukimya. Hilo la ukimya ndugu Baba wa Wawili amelieleza vizuri kuliko vitabu vyetu. Ukiona mojawapo, kivulini mara moja, legeza nguo, lowesha kanga umfunike shingo na mgongo, mpepee, mpe maji kwa mafunda madogo, na safari ya baiskeli iwe imeishia hapo kwa siku hiyo. Akichanganyikiwa au akazidiwa na usingizi asioamshika vizuri, huo si uchovu, apelekwe hospitali bila kuchelewa huku mkiendelea kumpoza. Kama amekuwa na homa katika wiki ile, hata kama imeshapoa, ahirisheni safari.

Chakula kiwe kile anachokila siku zote. Ndizi mbivu, tende, muhogo wa kuchemsha na yai la kuchemsha vinakaa vizuri tumboni na kwenye mkoba. Ale kidogo katika kila kituo badala ya kushiba mara moja.

Na kwa kuwa ni binti, nguo zake zipangwe mapema. Ushungi uwe mfupi au uchomekwe ndani ya nguo, usiachwe ukapepea, na suruali ifungwe kwa utepe juu ya kifundo cha mguu wa kulia, upande wa cheni. Rangi iwe ya kung'aa. Kofia ngumu avae tangu mlangoni, na baba yake avae pia, maana mtoto haamini jambo ambalo mzazi halifanyi.

Mkaazi wa Fuoni

Assalaam alaykum tena. Nimechelewa kurudi hapa kwa sababu nilitaka nirudi nikiwa na habari kamili. Tumekwenda, tumefika, na tumerudi, alhamdulillah.

Nilimuuliza kama nilivyoshauriwa. Nilimweleza habari ya Kusi, nikamwambia kwamba kurudi kwa baiskeli ni wepesi kuliko kwenda. Akanijibu kwamba bibi hawezi kumwona akiondoka kisha ajue kama kweli alifika. Kwa hiyo tulikwenda na upepo wa omo, kwa hiari yake.

Tuliondoka saa 12 na nusu asubuhi, kukiwa kweupe. Tunguu tulifika kabla ya saa 2, Bungi tukapumzika na kula ndizi, na hadithi ya Bi Khole ikatuchukua dakika 20 badala ya 10. Upepo haukuwa umeamka kabisa. Saa 4 kasoro robo tulikuwa Jozani, ambako matuta ya barabarani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju yalimfurahisha kuliko nilivyotarajia. Alipoelewa kwamba gari zinapunguzwa mwendo ili mnyama asiyepatikana popote duniani isipokuwa kwetu avuke salama, alishuka kwenye baiskeli na kuikokota hadi mwisho wa matuta, akisema sisi nasi tupunguze. Kundi lao lilikuwa juu ya miti karibu kabisa na barabara. Mmoja alikuwa amekaa kwenye tawi akichambua majani, anachuma jani, analigeuza, anakula kikonyo na kuliangusha lililobaki, na mwanangu akahesabu majani kumi na moja kabla ya kukubali kuondoka.

Kitogani tulifika saa 5 na robo. Mpango wangu wa awali ulikuwa tusisimame kwa muda mrefu, ili tuivuke sehemu ya maweni kabla ya Adhuhuri. Tulipita kwa jamaa yangu kunywa maji, mtoto akakaa barazani, akaegemea ukuta, na kabla hajamaliza yai lake akalala akiwa amelishika mkononi. Nilikumbuka maneno ya Baba wa Wawili. Nilikuwa nimeshasimama na ufunguo wa baiskeli mkononi, nikakaa. Alilala kwa muda wa saa 1 na dakika 40. Alipoamka tukaswali, tukala, nikamuuliza kama anataka daladala, akasema hapana, nami nikaamua kusubiri jua literemke. Tuliondoka saa 9 na robo alasiri.

Sehemu ile ya mwisho ilikuwa ngumu kama mlivyosema. Kusi lilikuwa kali, na kuna wakati mwendo wetu ulikuwa wa mtu anayetembea kwa miguu. Tulisimama mara sita. Kiganja nilikitumia mara tatu, katika sehemu ambazo barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma. Hata hivyo jua lilikuwa limeshageuka na kukaa mgongoni mwetu, na muda wote alikuwa anazungumza, jambo ambalo lilinitosha kuliko kipimo chochote. Saa 11 kasoro robo alikuwa anapiga kengele mlangoni kwa bibi yake. Bibi alitoka na mkono wenye unga, akamshika mashavu yote mawili, na unga ule mtoto hakutaka kuufuta mpaka Magharibi.

Siku ya pili alisema mapaja yanamuuma, siku ya tatu alikuwa anaendesha ufukweni maji yalipokupwa. Tumerudi kwa daladala, na hapo ndipo penye swali langu la mwisho kwa Fundi. Baiskeli yake ililazwa juu ya gari, mizigo mingine ikawekwa juu yake, na sasa pedali ya kushoto inayumba, yaani mguu wake unapanda na kushuka upande upande kila inapozunguka. Je, niipeleke kunyooshwa au ninunue nyingine?

Fundi Baiskeli, Mjini

Hongereni sana, na mpe mkono binti.

Kwanza ujue kilichopinda ni kipi. Shika mkono wa pedali usitembee, kisha izungushe pedali peke yake kwa kidole. Ikiyumba, mhimili wake umepinda, nao haunyooshwi vizuri, nunua jozi mpya, wala si ghali. Ikizunguka vizuri lakini imeinama upande mmoja, basi uliopinda ni mkono wenyewe, uniletee niunyooshe nikiwa nimeufungia kwenye jiliwa, usipigwe nyundo ukiwa kwenye baiskeli, maana utaharibu beringi za katikati.

Ukiamua kuifungua mwenyewe, kumbuka pedali ya kushoto hufunguka kinyume na nati za kawaida. Spana yako izungushe kama mshale wa saa unavyokwenda, nayo italegea. Watu wengi huikaza wakidhani wanaifungua, mpaka meno yanakatika. Na safari ijayo, kabla baiskeli haijapandishwa juu ya daladala, fungua pedali zote mbili, zitie mkobani, na usukani uulegeze na kuugeuza ulale sambamba na fremu.